Waraka Ulio Wazi kwa Wote: Mafaili ya Parokia na Waamini Wasioona



Jumamosi jioni simu nyingi katika parokia za Kibaha na Kisarawe huanza kulia. Katibu wa parokia ametuma matangazo ya Dominika: ratiba ya Misa, majina ya wanaotarajia kufunga ndoa, zamu za usafi, michango ya ujenzi, tarehe ya semina. Kwa kigango kilicho mbali na barabara ya lami, tuseme upande wa Mzenga au Maneromango, ujumbe huo umeokoa nauli na safari ndefu. Mara nyingi matangazo hayo huja kama picha. Karatasi imechapwa steshenari, ikapigwa mhuri, ikawekwa mezani, ikapigwa picha kwa simu, ikatumwa kwenye kundi.

Mwenye macho huikuza picha kwa vidole viwili, akasoma. Mwamini asiyeona, ambaye naye ana simu na anaitumia kila siku, hugusa ujumbe uleule, na simu yake humtajia kwamba hapa pana picha. Basi, inaishia hapo. Tangazo la ndoa ya mpwa wake limo humo ndani, lakini hana njia ya kulifikia mpaka apatikane mtu wa kumsomea.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, viwango huria vya mafaili vina uhusiano gani nayo, na ni mambo gani tunayoweza kuyabadilisha wenyewe bila kusubiri fedha wala mtaalamu kutoka mbali.

Kusomewa na kusoma

Wapo wanaosema, "Si atasomewa tu?" Ni kweli, katika familia zetu hakosi mtoto au jirani wa kusoma. Lakini kusomewa si sawa na kusoma. Anayesomewa husubiri nafasi ya mwingine. Barua yake ya hospitali hujulikana na mwingine kabla yake. Salio lake la benki hutajwa kwa sauti sebuleni. Akitaka kurudia sentensi moja mara tatu, huona haya kuomba. Na akiwa katekista, msomaji wa Neno au mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, hawezi kujiandaa kwa saa anayoitaka yeye.

Tofauti hii aliijua vizuri Louis Braille. Alizaliwa Coupvray, Ufaransa, mwaka 1809, akapoteza uoni utotoni baada ya kujiumiza jicho katika karakana ya baba yake. Shuleni kwao Paris vilikuwepo vitabu vya herufi kubwa zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilisomeka kwa taabu, na mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, Braille alikuwa tayari ametengeneza mfumo wa nukta sita tunaouita nukta nundu, ambao humwezesha asiyeona kusoma na kuandika mwenyewe. Baadaye alikuwa mpiga kinanda katika makanisa ya Paris, na nukta zake zilitumika pia kuandika muziki.

Hapa nchini, shule kama Buigiri ya Dodoma, Irente ya Lushoto na Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam zimewafundisha wasioona kwa nukta nundu. Njia hiyo ingali muhimu sana. Ila karatasi zake ni nene na mashine zake ni ghali. Biblia nzima ya nukta nundu hugawanywa katika vitabu vingi vinavyojaza rafu. Kompyuta na simu zimeleta jambo jipya: maandishi yakiisha kuingizwa vizuri mara moja, faili lilelile laweza kusomwa kwa sauti, kukuzwa herufi kwa mwenye uoni hafifu, au kutolewa kwa nukta nundu. Neno la kushika hapo ni "vizuri".

Kompyuta inasomaje kwa sauti?

Programu inayomsomea asiyeona tutaiita kisoma-skrini. Katika kompyuta za Windows, kinachojulikana sana ni NVDA. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, ambaye alishirikiana na James Teh, naye asiyeona. Waliona kwamba programu za kulipia, kama JAWS iliyotangulia, ziko juu ya uwezo wa wengi. NVDA hutolewa bure. Hutumia sauti za eSpeak NG, na miongoni mwa lugha zake Kiswahili kimo. Simu nyingi za Android nazo huja na TalkBack ndani yake. Inatakiwa kuwashwa tu katika mipangilio.

Watu wengi hudhani kisoma-skrini hutazama kioo kama jicho linavyotazama. Sivyo kinavyofanya kazi. Huiuliza programu iliyofunguliwa: hapa kuna maandishi gani? Hiki ni kichwa cha habari, aya au jedwali? Ni lugha gani? Programu ikijibu, kisoma-skrini hutamka. Isipokuwa na jibu, hunyamaza au hutaja jina la faili lisilo na maana. Picha ya karatasi haina herufi hata moja ndani yake. Ni rangi tupu zilizopangwa. Ndiyo maana PDF iliyotokana na kuskani, ingawa machoni inafanana na PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa asiyeona ni ukurasa mtupu.

Siku hizi zipo programu za kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, nazo zinasaidia. Lakini karatasi ikipigwa picha kwa upande, mhuri ukiangukia juu ya tarakimu au jedwali likiwa na safu tano, makosa huwa mengi. Mchango wa 3,000 ukisomwa 8,000, au saa 1 ikageuka saa 7, msaada umekuwa hasara.

Mambo ya lugha nayo yana uzito. Faili la Kiswahili likiwekewa alama kwamba ni la Kiingereza, kisoma-skrini hulisoma kwa matamshi ya Kiingereza. Jaribu kusikiliza "Mlandizi" au "Maneromango" vikitamkwa hivyo! Msikilizaji hulazimika kubahatisha kila neno.

Kiwango huria ni nini?

Tuanzie sokoni. Ukinunua kilo ya unga Mlandizi na nyingine Kisarawe mjini, unategemea kilo iwe ileile, kwa sababu kipimo kimekubaliwa na wote na Wakala wa Vipimo hukagua mizani. Hakuna muuzaji mwenye kilo yake ya siri.

Mafaili ya kompyuta nayo yanahitaji kipimo cha namna hiyo. Kwa miaka mingi kila kampuni ilihifadhi maandishi kwa muundo wake, na maelezo ya muundo huo hayakutolewa kwa wengine. Anayetaka kufungua faili alilazimika kununua programu ileile. Kiwango huria ni muundo ambao maelezo yake yamechapishwa kwa wote, hivyo fundi yeyote aweza kutengeneza programu ya kuufungua bila kuomba ruhusa.

Mfano wake ni OpenDocument, ambao mafaili yake ya maandishi huishia na .odt. Ulipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa namba 26300 cha ISO na IEC. Msomaji anayetaka kuona kwa macho yake afanye hivi: achukue nakala ya faili la .odt, abadilishe mwisho wa jina uwe .zip, kisha alifungue. Atakuta mkoba wenye mafaili madogo, na moja linaitwa content.xml. Humo maneno yake yote yamo kwa herufi za kawaida, kila kichwa na kila aya ikiwa na alama yake. Muundo wa .docx wa Microsoft nao ni mkoba wa namna hiyo, na uliingizwa katika viwango vya kimataifa mwaka 2008.

Tanzania haikuwa mtazamaji katika historia hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria: yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuitafsiri na kuigawa.

Wanakwaya wetu wanao mfano wa karibu zaidi. Watunzi wengi wa nyimbo za Kanisa wamechapa nota zao kwa programu ya Finale. Mwezi wa Agosti 2024 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Mafaili ya Finale yana muundo wake wenyewe, kwa hiyo mtunzi aliyehifadhi kazi zake kwa muundo huo pekee ana sababu ya kuhangaika. Njia ya kutokea ni MusicXML, muundo huria wa nota, unaofunguliwa na programu nyingi, ikiwemo MuseScore ambayo ni ya bure. Na hapa ndipo uhuru wa faili unapokutana na asiyeona: wimbo ulio katika MusicXML waweza kugeuzwa kuwa muziki wa nukta nundu kwa programu, au kusikilizwa sauti moja moja. Wimbo uliopigwa picha hauwezi.

Uwazi peke yake hautoshi

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kuhifadhi kwa muundo huria kunamaliza kazi. Mwezi wa Septemba 2005, serikali ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani ilipitisha mpango kwamba ofisi zake zihifadhi nyaraka kwa muundo wa OpenDocument kuanzia mwaka 2007. Nia ilikuwa njema: nyaraka za umma zisitegemee kampuni moja, na zisomeke hata baada ya miaka mingi.

Waliopinga kwa nguvu walikuwamo watu wasioona. Visoma-skrini walivyovitumia kazini vilikuwa vimezoeana na Microsoft Office, na wakati huo havikuweza kusoma OpenOffice ipasavyo. Kwao, mlango uliofunguliwa kwa wote ulikuwa unafungwa usoni pao, tena pengine pamoja na ajira zao.

Jambo la kujifunza ni kilichofuata. OASIS iliunda kamati ndogo ya kuangalia mahitaji ya watu wenye ulemavu, ikawasikiliza. Mwezi wa Februari 2007 likatoka toleo la 1.1 la OpenDocument lenye marekebisho yaliyotokana na kazi hiyo. Mojawapo lilihusu alama za mwisho wa kurasa, ili mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 12", mwanafunzi asiyeona naye aufikie ukurasa huohuo. Kwa upande wa jimbo, zilitafutwa programu za kugeuza mafaili ili wafanyakazi wasioona waendelee na zana walizozizoea.

Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu kiwango kilikuwa huria: kasoro ilionekana, ikajadiliwa mbele ya watu, ikarekebishwa. Lakini wahusika walisikilizwa baada ya uamuzi, na hiyo ndiyo iliyozaa mgogoro. Sisi tunaosoma Injili tunajua mpangilio bora zaidi. Katika sura ya 10 ya Marko, Bartimayo anapoletwa mbele ya Yesu, haja yake ilikuwa dhahiri kwa kila aliyesimama pale. Hata hivyo, kabla ya kutenda lolote, Bwana alimuuliza anataka nini.

Tufanye nini parokiani?

Basi hatua ya kwanza ni hiyo: kuuliza. Mwenyekiti wa jumuiya amuulize mwamini asiyeona au mwenye uoni hafifu angependa kupokea matangazo kwa njia gani. Mmoja atasema maandishi ya kawaida ya simu, mwingine faili la herufi kubwa, mwingine sauti iliyorekodiwa. Sauti ni nzuri kwa asiyetumia kisoma-skrini, ingawa haina njia nyepesi ya kutafuta jina au kurukia tangazo la nne. Baada ya kuuliza, haya yafuatayo yanawezekana wiki hii.

Kwanza, tutume maneno pamoja na picha. Tunaelewa kwa nini karatasi yenye mhuri huskaniwa: mhuri na sahihi huthibitisha. Iendelee kutunzwa na kutumwa, lakini chini yake yabandikwe maneno yenyewe. Faida si ya wasioona tu. Ukurasa wenye herufi 2,000 za maandishi matupu ni kama kilobaiti 2. Picha ya simu ya ukurasa huo huweza kufikia megabaiti 2 au 3, yaani zaidi ya mara elfu moja. Aliyeko kwenye mtandao dhaifu huko vijijini Kisarawe, na kifurushi chake kinakaribia kuisha, atashukuru pia.

Pili, tunapochapisha kazi steshenari, iwe Maili Moja, Mlandizi au Kisarawe, tuombe na faili lenyewe, tusiishie kuchukua karatasi. Kijana aliyeichapa analo tayari. Likihitajika la PDF, litolewe moja kwa moja kutoka kwenye programu, bila kuchapisha kwanza na kuskani. LibreOffice, ambayo ni ya bure, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020 ina nafasi ya kutoa PDF inayofuata kiwango cha PDF/UA, kilichowekwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Tatu, vichwa vya habari viwe vichwa kweli. Wengi wetu hukoleza wino na kukuza herufi, tukadhani tumeweka kichwa. Jicho hukubali, lakini ndani ya faili hiyo ni aya kama nyingine. Tutumie mtindo wa kichwa: katika Word bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja, katika LibreOffice, Ctrl na 1. Mwenye macho hupitisha jicho ukurasani akaona pa kusimama. Asiyeona hurukia kichwa hadi kichwa. Mtumiaji wa NVDA kwenye ukurasa wa intaneti hubonyeza H tu. Pasipo vichwa, mwenye kutafuta ratiba ya Kwaresima hulazimika kusikiliza waraka mzima tangu mwanzo.

Nne, lugha ya faili iwekwe Kiswahili, na kila picha yenye maana iandikiwe maelezo mafupi: ni nani, wanafanya nini, wapi. Jedwali liwe jedwali halisi lenye majina ya safu, si maneno yaliyosogezwa kwa kubonyeza nafasi mara ishirini.

Tano, tupunguze mapambo katika ujumbe wa simu. Alama ya mikono iliyounganishwa ikiwekwa mara kumi, simu huweza kuitaja mara kumi kabla ya kufika kwenye tangazo. Zile herufi za urembo zinazonakiliwa mtandaoni ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyingi ni alama za hesabu zinazofanana na herufi. Kisoma-skrini huzitaja moja moja au kuziruka kabisa.

Kwa ndugu zetu waseminari tunaongeza neno moja. Ninyi ndio mtakaoandika barua za parokia, taarifa za miradi na mafundisho ya katekesi kwa miaka mingi ijayo. Mazoea mnayojenga sasa katika kuandika insha na muhtasari wa masomo ndiyo mtakayokwenda nayo. Kuweka kichwa kwa njia sahihi hakuchukui muda zaidi ya kukoleza wino.

Sheria nazo zinasemaje?

Haya si hisani tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Mkataba huo unatambua kupata habari kuwa ni haki.

Upo pia Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 27, 2013, na kuanza kutumika Septemba 30, 2016. Unawezesha vitabu vilivyochapishwa kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au faili linalosomeka, kwa ajili ya wasioona, bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kila mara. Unaruhusu pia nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2020. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kilichoandaliwa kwa ajili ya wasioona upande mmoja wa mpaka chaweza kuwafaa wa upande wa pili. Tuangalie tu kwamba ruhusa hiyo imewekwa kwa ajili ya wahitaji wenyewe na taasisi zinazowahudumia. Si mwanya wa kudurufu vitabu kwa kila mtu.

Kabla ya sheria hizi zote, Kitabu cha Walawi, sura ya 19 aya ya 14, kilikwisha kukataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Wakati ule kikwazo kilikuwa jiwe au gogo. Siku hizi chaweza kuwa faili, na aliyeliweka huenda hakukusudia ubaya wowote.

Tunapendekeza jaribio moja dogo kwa kila anayetuma matangazo. Washa TalkBack katika simu yako au ya rafiki; ujue kwanza namna ya kuizima, maana ikiwa imewashwa simu huguswa kwa namna tofauti. Fungua tangazo ulilotuma Jumamosi iliyopita, ufumbe macho, usikilize. Ukiweza kujua Misa ya kwanza ni saa ngapi na zamu ya usafi ni ya jumuiya gani, waraka wako uko wazi. Usipoweza, basi sasa unajua pa kuanzia.